Mdukuzi aliye kwenye Wi-Fi moja nami anaweza kuingia kwenye akaunti yangu bila nywila?

Swali: Natumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwenye kompyuta mpakato. Juzi, baada ya kushinda nimeunganishwa na Wi-Fi ya wazi isiyo na nywila, nilipata taarifa kwamba akaunti yangu ya barua pepe imefunguliwa kwenye kifaa nisichokijua. Nywila sijampa mtu, uthibitishaji wa hatua mbili umewashwa, na simu yangu haikupokea msimbo wowote. Siku zote nimeambiwa Linux haishambuliki. Je, ni mtu wa Wi-Fi ile aliyeniingilia? Na nikinunua VPN itanitosha?

Jibu:

Ndugu yangu, kabla hatujauliza aliyeingia ni nani na amepitia wapi, mtoe kwanza. Chukua kifaa kingine unachokiamini, fungua mipangilio ya usalama ya akaunti yako, tafuta orodha ya vifaa vilivyoingia, uviondoe vyote, na hiyo Ubuntu yako iwemo. Ndipo ubadilishe nywila. Nasema vifaa kwanza kwa sababu zipo huduma ambazo ukibadilisha nywila, vifaa vilivyokwisha kuingia vinaendelea kukaa ndani kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukimaliza hapo, kagua sheria za kusambaza barua, vichujio, anwani ya kurejeshea akaunti, nywila maalumu za programu, na programu za nje ulizowahi kuziruhusu zisome barua zako. Mvamizi mzoefu huacha kichujio kimoja kinachompelekea nakala ya barua zote, akatoka kimya, nawe ukabaki unadhani umemfukuza. Usiifanyie kazi hii kwenye Ubuntu yako kwa sasa. Sababu utaiona mbele.

Ujumbe wako una sentensi moja inayoniongoza kuliko nyingine zote, nayo ni kwamba simu haikupokea msimbo. Mtu anayejaribu nywila hukwama kwenye msimbo. Aliyepita bila kuulizwa msimbo, aghalabu amepita na sesheni, yaani kipindi cha kuingia, iliyokwisha kufunguliwa, nayo ni yako. Huko ndiko kuteka sesheni.

Tovuti hazina kumbukumbu ya asili. Itifaki ya HTTP, yaani utaratibu wa mazungumzo kati ya kivinjari na tovuti, huchukulia kila ombi kuwa limetoka kwa mgeni, kwa hiyo ukishaandika nywila na msimbo, seva hukukabidhi kidakuzi (cookie) chenye namba ndefu isiyokisika, na kivinjari chako hukiambatisha kwenye kila ombi linalofuata. Ni kama mhuri wa wino unaogongwa mkononi langoni: ukishagongwa, walinzi wa ndani hawakuulizi tena tiketi, wanatazama mkono tu. Mwenye kuunakili mhuri huo anapita popote upitapo wewe. Nywila yako na uthibitishaji wa hatua mbili vililinda lango. Kidakuzi kinatumika baada ya lango, na ndiyo maana wezi wa leo wanakitafuta kuliko nywila. Seva nayo haichunguzi kidakuzi kimeibwa kwenye Linux au kwenye mfumo mwingine, hivyo hilo la kwamba Linux haishambuliki liweke kando kabisa.

Je, kidakuzi kiliibwa hewani? Miaka ya nyuma ningekujibu ndiyo bila kusita. Mwaka 2007 Robert Graham alionyesha katika mkutano wa Black Hat jinsi ya kunasa vidakuzi vya watu waliokaa kwenye Wi-Fi moja na kuingia kwenye barua zao. Oktoba 2010 Eric Butler akatoa Firesheep, kiendelezi cha Firefox kilichofanya kazi hiyohiyo kwa mbofyo mmoja: kilisikiliza hewa, kikapanga majina na picha za watu waliokuwa kwenye mtandao huo, nawe ukabofya jina ukaingia kwenye Facebook ya mwenzio. Ilifanikiwa kirahisi hivyo kwa sababu tovuti nyingi zilisimba, yaani zilificha kwa fumbo, ukurasa wa kuandikia nywila tu, kisha zikaendelea kutuma kidakuzi wazi wazi kwenye kurasa zote zilizofuata.

Naiheshimu sana kazi ya Butler. Iliwatia aibu wenye tovuti kubwa hadharani, na mabadiliko yalikuja. Facebook iliifanya HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa, kuwa ya kawaida kwa watumiaji wake wote mwaka 2013, na mwisho wa 2015 mamlaka ya vyeti ya Let's Encrypt ikaanza kugawa vyeti vya HTTPS bila malipo kwa kila mwenye tovuti. Leo huduma ya barua pepe inayojiheshimu haitumi kidakuzi chako hata mara moja bila kukisimba. Aliyekuwa anasikiliza Wi-Fi ile ya wazi aliona majina ya tovuti ulizozuru, pengine na maswali yako ya DNS (ya kutafuta anwani za tovuti), lakini ndani ya kurasa hakuona kitu.

Mtu aliye hewani hajaishiwa mbinu, hata hivyo. Anaweza kuwasha kituo chake cha Wi-Fi chenye jina lilelile la mtandao uliowahi kuutumia, na kompyuta yako, ikiona jina la mtandao wa wazi inaoukumbuka, itajiunga yenyewe. Anaweza pia kuidanganya kompyuta yako kwa ujumbe wa ARP, utaratibu wa vifaa vya mtandao mmoja kutambuana, ili iamini kwamba yeye ndiye ruta. Akishakaa katikati, zamani angeishusha HTTPS iwe HTTP kwa mbinu aliyoionyesha Moxie Marlinspike mwaka 2009. Mbinu hiyo imebanwa sana tangu HSTS ilipokuwa kiwango rasmi mwaka 2012: tovuti hukiambia kivinjari kisikubali kamwe kuja bila usimbaji, na tovuti kubwa zimeandikwa humo humo ndani ya vivinjari hata kabla hujazizuru mara ya kwanza. Kwa hiyo anayekaa katikati leo hana budi kukuomba wewe mwenyewe umsaidie, ama ulipuuze onyo la cheti, ama uandike taarifa zako kwenye ukurasa wake.

Hapa nina swali ninalotaka ujijibu kwa unyoofu. Ulipojiunga na Wi-Fi ile, ulitokea ukurasa wa kukukaribisha uliokutaka uingie kwa akaunti ya barua pepe? Kurasa za namna hiyo zinaweza kuwa daraja. Unachoandika kinapelekwa papo hapo kwenye tovuti halisi, tovuti inaomba msimbo, ukurasa wa uongo unakuomba msimbo huohuo, unauandika, na kidakuzi kinachozaliwa kinabaki kwa mwizi. Umesema simu haikupokea msimbo, jambo linaloipunguzia nguvu njia hii. Lakini kama misimbo yako hutoka kwenye programu ya simu badala ya kutumwa, na unakumbuka kuandika mmoja siku ile, basi umeshapata jibu lako. Dawa halisi ya njia hii ni ufunguo wa siri wa FIDO2, ulio ndani ya kifaa kidogo cha kuchomeka au simu, badala ya msimbo. Ufunguo huo hufungwa na jina la tovuti, na kwenye tovuti ya uongo haufanyi kazi hata ukidanganyika wewe mwenyewe.

Wengi hudhani Wi-Fi yenye nywila ni salama kwa kuwa tu ina nywila. Kwenye WPA2 ya kawaida (WPA2 ni kiwango cha usalama wa Wi-Fi), ile ambayo watu wote wanashiriki nywila moja, yeyote anayeijua na akanasa salamu za mwanzo kati ya kompyuta yako na ruta anaweza kukokotoa ufunguo wako na kusoma pakiti zako. WPA3, iliyotoka mwaka 2018, iliziba hilo. Sisi wa Linux tulipata pigo letu mahususi Oktoba 2017, pale mtafiti Mathy Vanhoef alipotangaza shambulio la KRACK. Kasoro ilikuwa kwenye itifaki yenyewe ya WPA2 na iligusa karibu kila mfumo, ila programu ya wpa_supplicant kuanzia toleo la 2.4, ambayo ndiyo hushughulikia Wi-Fi kwenye usambazaji mwingi wa Linux, iliathirika vibaya kuliko nyingi: ilirubuniwa ikaweka ufunguo wa sifuri tupu, na usimbaji ukawa wa jina tu. Ilishazibwa, na anayesasisha mfumo wake hana haja ya kuihofia.

Nimetaja Linux, na hapa nitatulia kidogo, kwa sababu matukio mawili yanahusu hasa utekaji wa miunganisho kwenye mfumo wetu na yanajibu swali lako la VPN, yaani huduma inayopitisha data yako ndani ya njia iliyosimbwa.

La kwanza ni la 2016. Muunganisho wa TCP, itifaki inayosafirisha data kati ya kompyuta mbili, hutambulishwa kwa anwani mbili, poti mbili na namba za mfuatano, na anayetaka kupenyeza data ya uongo lazima azikisie zote. Yue Cao na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walionyesha kwamba keneli (kiini cha mfumo) za Linux kuanzia 3.6 zilikuwa zinavujisha majibu ya kisio hicho. Keneli iliwekewa kikomo cha majibu 100 ya uhakiki kwa sekunde, na kikomo kilikuwa kimoja kwa miunganisho yote ya mashine. Mshambuliaji alituma pakiti za kughushi kwa jina la mtu mwingine, kisha akahesabu majibu aliyorudishiwa kwenye muunganisho wake halali. Yakipungua 100, alijua kisio lake limegusa muunganisho wa kweli. Akihesabu hivyo, ndani ya takriban dakika moja alijua kama kompyuta mbili zinaongea na namba zao ni zipi, bila kukaa popote kwenye njia yao. Kinachoniuma ni kwamba kikomo kile kilikuwa sehemu ya mapendekezo yaliyokusudiwa kuilinda TCP. Kosa hilo, lililosajiliwa kama CVE-2016-5696, lilirekebishwa kwenye keneli 4.7. Hata kabla ya marekebisho, aliyetumia HTTPS angeweza kukatiwa muunganisho tu. Aliyeumia ni yule aliyesafirisha data bila kuisimba, kwa sababu yeye angeweza kupenyezewa maneno ya uongo katikati ya ukurasa.

La pili ni la Desemba 2019, nalo liligusa VPN moja kwa moja. William Tolley na wenzake wa Chuo Kikuu cha New Mexico walionyesha, kwenye CVE-2019-14899, kwamba mtu aliye kwenye Wi-Fi moja nawe, au mwenye ruta yenyewe, anaweza kujua kama unatumia VPN, akapata anwani yako ya ndani ya VPN, na hata kupenyeza data kwenye miunganisho iliyo ndani yake. Alirusha pakiti kwenye kadi ya Wi-Fi zikiwa na anwani ya ndani ya VPN, na keneli ikazijibu badala ya kuzitupa. Systemd, programu inayoendesha huduma za mfumo, ilichangia, kwa kuwa mwishoni mwa 2018 ilikuwa imelegeza kipimo cha rp_filter kinachohakiki pakiti imeingia kwa njia inayostahili. Unaweza kutazama chako kwa amri ya sysctl net.ipv4.conf.all.rp_filter. Thamani 1 ni ukali, 2 ni ulegevu. Kuirudisha 1 husaidia kwa IPv4, japo si tiba kamili.

Halafu Mei 2024 Leviathan Security Group wakaeleza TunnelVision: ruta hasimu hutumia chaguo la 121 la DHCP, utaratibu wa ruta kugawa anwani, kuielekeza kompyuta yako ipitishe data nje ya VPN, huku alama ya VPN ikiendelea kuonyesha kwamba umeunganishwa. Chaguo hilo limekuwepo tangu 2002. Linux iliathirika, lakini pia ndiyo yenye dawa nzuri, kwa sababu VPN ikiendeshwa ndani ya eneo lake la mtandao lililotengwa kwenye keneli, njia za ruta hazifiki humo.

Kwa hiyo, VPN? Inaficha tovuti unazozuru zisionwe na mwenye Wi-Fi, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini kama kidakuzi chako kimeibwa kwenye diski, VPN haina la kukusaidia hata chembe. Fedha yako ningeielekeza kwanza kwenye ufunguo wa FIDO2.

Tumefika kwenye diski, na huko ndiko alikojificha mshukiwa wangu wa kwanza. Firefox huhifadhi vidakuzi kwenye faili la cookies.sqlite ndani ya folda ya wasifu wako, bila kuvisimba. Chrome kwenye Linux huvisimba kwa ufunguo unaotunzwa na GNOME Keyring au KWallet, lakini isipopata mtunzaji huyo, kama inavyotokea kwa wanaotumia mazingira mepesi ya dawati, hurudi kwenye nywila ya kudumu iliyoandikwa kwenye msimbo chanzo wake ulio wazi, ambayo kila mtu anaijua. Na hata keyring ikiwepo, ikishafunguliwa ulipoingia, programu zako zinaweza kuiomba. Linux hulinda faili zako dhidi ya watumiaji wengine wa mashine. Haizilindi dhidi ya programu uliyoiendesha wewe, kwa jina lako. Programu hiyo haihitaji nywila ya sudo wala Wi-Fi ya wazi. Inanakili faili moja na kulituma, basi.

Mifano ipo. Julai 2025, kwenye AUR, hazina ya pakiti zinazochangiwa na watumiaji wa Arch Linux, ziliwekwa pakiti zilizojifanya matoleo yaliyorekebishwa ya Firefox na vivinjari jamaa zake, kumbe ndani zilibeba programu ya kuendeshea kompyuta kwa mbali. Zilikaa siku chache kabla ya kuondolewa. Desemba 2022, kwenye kampuni ya CircleCI, programu hasidi kwenye kompyuta ya mhandisi mmoja iliiba kidakuzi cha sesheni iliyokuwa imepita uthibitishaji wa hatua mbili, na wavamizi wakaingia kwenye mifumo ya kampuni kwa kidakuzi hicho. Tazama jinsi kisa hicho kinavyofanana na ulichonieleza: nywila haikuguswa, msimbo haukuombwa.

Kwa hiyo ukirudi kwenye Ubuntu yako, jiulize ni kitu gani kipya ulikiweka wiki chache zilizopita. Hati ya kusakinisha uliyoipakua na kuipitisha moja kwa moja kwenye bash? Hazina ya PPA ya mtu usiyemjua? Pakiti ya pip au npm yenye jina linalokaribiana na jina maarufu? Fungua orodha ya viendelezi vya kivinjari na uondoe kila chenye ruhusa ya kusoma data kwenye tovuti zote ambacho huwezi kueleza kwa nini unacho. Kiendelezi ni njia fupi kuliko zote, maana kiko ndani ya kivinjari tayari. Tazama ~/.config/autostart, systemctl --user list-units, crontab -l, na mwisho wa faili za .bashrc na .profile. Ukikuta kitu usichokielewa, usihangaike kukisafisha. Hamisha nyaraka zako, usakinishe mfumo upya, na usirudishe folda ya zamani ya kivinjari. Programu ya kijasusi iliyokwisha kukaa kwenye mfumo hata sisi wa kazi hii tunashindwa kuthibitisha kwamba imekwisha.

Angalia pia kama dawati lako linatumia Wayland au X11, mifumo miwili ya kuonyesha madirisha, kwa amri ya echo $XDG_SESSION_TYPE. Kwenye X11 programu yoyote inaweza kusikiliza vibonyezo unavyobonyeza kwenye programu nyingine, ikiwemo nywila. Wayland inalizuia hilo, na kwangu ni sababu tosha ya kuhama.

Kwa upande wa Wi-Fi kuna machache tu ya kufanya, na yanachukua dakika chache. Endesha nmcli connection show, na kila mtandao wa wazi uliomo uufute kwa nmcli connection delete, ili kompyuta isijiunge yenyewe na kituo kilichoiga jina. Mitandao ya wazi unayolazimika kubaki nayo izimie kujiunga kwa kuweka connection.autoconnect kuwa no. Kwenye Firefox washa hali ya HTTPS pekee. Fayawoli ya ufw ikiwa imezimwa, iwashe na ukatae miunganisho inayoingia. Na kama unatumia Wi-Fi ya kazini au ya chuo inayoomba jina la mtumiaji na nywila, usiache sehemu ya cheti cha mamlaka ikiwa tupu. Bila cheti kompyuta yako itamkabidhi mwenye kituo chochote cha uongo taarifa za kutosha kumwezesha kuitafuta nywila yako.

Kama unaingia kwenye seva kwa SSH, nina ombi moja la ziada: acha kutumia ForwardAgent. Ukiipeleka ajenti yako, programu inayotunza funguo zako, kwenye seva, mwenye root kwenye seva hiyo anaweza kutumia funguo zako kuingia kwingine kote uwezako kuingia wewe, kwa muda wote ulioko ndani. Wavamizi wa Matrix.org walisogea hivyo mwaka 2019. ProxyJump inafanya kazi hiyohiyo bila kuacha ajenti njiani. Na SSH ikikuonya kwamba kitambulisho cha seva kimebadilika, nawe uko kwenye Wi-Fi usiyoijua, usifute mstari kwenye known_hosts ili uendelee. Subiri mpaka umhakikishe mwenye seva kwa njia nyingine.

Kabla hujasakinisha chochote upya, rudi kwenye orodha ya vifaa ya akaunti yako, kwa sababu huduma nyingi huhifadhi historia hata baada ya kukiondoa kifaa. Linganisha saa ya kifaa kigeni na saa ulizokuwa umeunganishwa. Kikionekana na kivinjari na mfumo sawa na wako lakini anwani ya IP tofauti, huenda ni kidakuzi kilichoibwa, au ni wewe mwenyewe umepita kwenye mtandao wa simu, hivyo kumbuka vizuri kabla ya kuogopa. Kikionekana kama programu ya barua pepe badala ya kivinjari, chunguza zile nywila maalumu za programu, kwa kuwa hizo haziulizi msimbo kamwe. Niandikie ulichokikuta kwenye safu hizo mbili, saa na aina ya kifaa, tuendelee kutoka hapo.